Mgeni wa mafaili aishie sebuleni

KUTOKA Mpanda hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na kwa muda mrefu mali iliyotoka huko ilisafiri kwa reli. Tawi la kutoka Kaliua lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa treni iliendelea kubeba mazao na abiria. Siku hizi sehemu kubwa ya kile ambacho watu wa mbali wanakihitaji kutoka Mpanda haihitaji behewa. Ni mafaili: hesabu za halmashauri, ramani za vijiji, orodha za wakulima wa tumbaku, picha za hospitali, kumbukumbu za doria za misituni.

Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, ulikuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Mkoa unaoongezeka hivyo huzalisha kumbukumbu nyingi, na wanaotaka kuziona si watumishi wa ndani peke yao. Yupo mkaguzi wa hesabu, yupo mhandisi mshauri wa barabara, yupo mtafiti wa chuo kikuu, yupo mfadhili anayetaka taarifa ya robo mwaka kabla hajatoa fedha nyingine.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ofisi nyingi hulijibu kwa haraka na baadaye kulijutia: mtu asiye wa ofisi anapewaje nafasi ya kuchukua au kuleta mafaili kwenye kompyuta kuu, yaani seva, bila kukabidhiwa ofisi nzima?

Ukubwa wa jambo hili unaonekana vizuri katika Wilaya ya Tanganyika, ndani ya mkoa huo huo. Vijiji vinane vinavyozunguka misitu ya milima ya Ntakata vimekuwa vikilinda misitu hiyo chini ya mradi wa hewa ukaa ulioanza mwaka 2017 kwa ushirikiano na kampuni ya Carbon Tanzania. Mapato yake yamesaidia shule, zahanati na malipo ya walinzi wa misitu wa vijiji. Lakini kinachouzwa hapo si gogo wala gunia la mkaa. Kinachouzwa ni ushahidi kwamba miti iliyokuwapo bado ipo, na ushahidi huo ni ramani, vipimo na kumbukumbu ambazo lazima zipitiwe na mhakiki wa nje, asiye mwanakijiji wala mwajiriwa wa mradi. Katika biashara ya namna hiyo, faili lililobadilishwa tarakimu mbili au lililofutwa na mtu asiyehusika ni sawa na shamba lililoingiliwa na ng'ombe usiku wa kuamkia mavuno.

Mkoa huo pia ndio wenye makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Orodha ya majina ya familia za namna hiyo, iwe ipo shuleni, hospitalini au kwenye shirika la misaada, si karatasi ya kuachwa mezani.

Pamoja na hayo, njia zinazotumiwa na ofisi nyingi nchini bado ni zile zile. Faili hutiwa kwenye flashi na kukabidhiwa dereva wa basi. Au hutumwa kwa barua pepe ya binafsi, likakataliwa kwa kuwa ni kubwa mno, kisha likakatwa vipande vipande. Au hurushwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu ambao nusu yao walishaacha kazi. Njia mbaya kuliko zote ni ile inayofanywa kwa moyo mwema: mgeni anapewa nywila ya msimamizi wa seva ili "ajichukulie mwenyewe". Anayefanya hivyo amempa mpita njia funguo za nyumba, za stoo na za kabati la chumbani, ati kwa sababu alikuja kuomba maji ya kunywa.

Wapo pia mafundi ambao, wakiombwa kufungua njia ya mafaili, hukimbilia utaratibu wa kale uitwao FTP. Utaratibu huo una heshima yake. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Aprili 1971 na Abhay Bhushan, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, zama ambazo kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na watumiaji wake walikuwa wakijuana. Kwa hiyo FTP haikufikiria wezi. Jina na nywila ya mtumiaji husafiri waziwazi, kama barua iliyoandikwa nyuma ya kadi ya posta, na yeyote aliyekaa katikati ya njia, awe kwenye mgahawa wa intaneti au kwenye hoteli, anaweza kuzisoma. Vivinjari vya Chrome na Firefox viliacha kuutumia mwaka 2021, ingawa seva zinazoutumia bado zipo.

Dawa ilipatikana Finland. Mwaka 1995 mtu asiyejulikana alitega programu ya kunasa nywila katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, aliunda utaratibu wa kuzungumza na kompyuta ya mbali kwa lugha ya mafumbo, akauita SSH. Mwaka 1999 wataalamu wa mradi wa OpenBSD walitoa toleo la bure, OpenSSH, ambalo leo liko katika seva nyingi duniani. Ndani ya SSH mna njia ya kubebea mafaili iitwayo SFTP. Majina yanafanana, lakini SFTP si FTP iliyovalishwa koti. Ni kitu kingine kabisa. Kila kinachopita humo, nywila na mafaili yenyewe, hufungwa kwa fumbo ambalo aliye katikati ya njia hawezi kulifumbua.

Lakini kufunga barabara kwa fumbo ni nusu ya kazi. SFTP ikiachwa kama ilivyo, mgeni akishaingia huweza kuzurura ndani ya seva na kusoma kila kisichofichwa. Zaidi ya hapo, akaunti ya kawaida ya SSH humpa mtu uwezo wa kuamrisha kompyuta, si kubeba mafaili tu. Ndiyo maana kazi ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kumwekea mgeni sebule: chumba anachoingia, anachokiona kama ndiyo nyumba yote, na asichoweza kukitoka.

Ujenzi wa sebule hiyo ni wa zamani. Mfumo wa Unix ulikuwa na amri ya kumfungia mtumiaji ndani ya folda moja tangu mwaka 1979. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 2008 watengenezaji wa OpenSSH waliingiza uwezo huo ndani ya programu yenyewe, hivyo fundi hahitaji tena kununua wala kunakili chochote. Huandika mistari michache katika faili la mipangilio la seva. Huunda kundi la watumiaji, tuseme "wageni". Kisha huagiza kwamba yeyote wa kundi hilo afungiwe katika folda yake, na kwamba chochote atakachoomba, apewe huduma ya mafaili tu na si nyingine.

Hapa ndipo mafundi wengi hukwama. Programu hudai kwamba folda inayogeuzwa kuwa ukuta wa sebule imilikiwe na msimamizi mkuu wa seva, pamoja na folda zote zilizo juu yake, na kwamba mtu mwingine yeyote asiwe na ruhusa ya kuandika humo. Fundi asiyelijua sharti hili huunda folda, humkabidhi mgeni umiliki wake, kisha hushangaa mgeni anapokataliwa mlangoni bila maelezo. Hujaribu tena. Mkaguzi anapiga simu kutoka Dodoma, bosi anauliza kulikoni. Mwishowe fundi huamua ama kufungua ruhusa zote kwa watu wote, jambo ambalo halisaidii kwa kuwa sharti bado limevunjwa, ama kumtoa mgeni kundini ili "kazi iende". Kazi inakwenda, naye mgeni sasa yuko chumbani.

Sharti hilo si ukorofi wa watengenezaji. Mtu anayeweza kubadilisha kuta za chumba alichofungiwa anaweza pia kuweka humo mafaili ya bandia yenye majina ambayo programu za mfumo huyaamini, na kwa hila hiyo akapata mamlaka asiyopewa. Utatuzi wake ni mwepesi: ukuta na sakafu vibaki mali ya msimamizi, na ndani yake viwekwe vyungu viwili. Folda moja iwe ya kuchukua, ambamo mgeni husoma bila kuweza kubadilisha wala kufuta. Nyingine iwe ya kuleta, iliyo mali yake, ambamo huweka alichokuja nacho. Mhakiki wa kumbukumbu za msitu hana sababu ya kuweza kuandika juu ya kumbukumbu anazozihakiki.

Kuna tundu jingine ambalo halionekani kwa macho na ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. SSH ina uwezo wa kuchimba njia za chini kwa chini, yaani kumruhusu mtu aliyeunganishwa na seva kuitumia kama daraja la kufikia kompyuta nyingine zilizo nyuma yake. Mgeni aliyefungiwa katika folda, asiyeweza kuandika amri hata moja, bado anaweza kupitia daraja hilo akagonga mlango wa seva ya mishahara iliyo katika chumba cha pili, kama fundi hakulizima. Kulizima ni suala la mstari mmoja katika mipangilio ya kundi la wageni. Kutolizima ni kujenga sebule yenye kuta imara na kuacha handaki chini ya zulia.

Kuhusu namna ya kubisha hodi, nywila ni dhaifu, kwa kuwa hukisiwa, huibwa na huandikwa kwenye vikaratasi. Njia bora ni jozi ya funguo. Mgeni huziunda mbili kwenye kompyuta yake: wa siri, ambao hautoki kwake kamwe, na wa hadharani, ambao huutuma kwa fundi wa Mpanda hata kwa barua pepe ya kawaida bila hofu. Seva humtambua kwa kuhakikisha kwamba anayebisha hodi anao ufunguo wa siri unaolingana na ule wa hadharani uliosajiliwa. Ufunguo wa siri nao hulindwa kwa neno lake la siri, ili kompyuta ya mkononi ikiibwa stendi ya mabasi, mwizi asiwe ameiba na seva.

Naye mgeni ana haki ya kujua kama mlango anaougonga ndio wenyewe. Mara ya kwanza anapounganishwa, programu humwonyesha alama ya kidole ya seva, mfuatano wa herufi na tarakimu, na kumuuliza kama anaiamini. Karibu kila mtu hubonyeza "ndiyo" bila kusoma. Fundi mwangalifu humsomea mgeni alama hiyo kwa simu, herufi kwa herufi. Huchukua dakika mbili, na huzuia seva ya tapeli kusimama katikati na kujifanya ofisi.

Washauri wa nchi nyingine hupenda kusema seva ikubali wageni kutoka anwani maalumu za mtandao tu. Kwa mazingira ya Katavi ushauri huo hauna msaada mkubwa. Wengi huingia mtandaoni kwa laini za simu, ambako anwani hubadilika na wateja wengi huweza kuonekana wakitoka anwani moja. Ukimfungia mmoja aliyekosea nywila mara tano, huenda umewafungia na wasiohusika. Hii ni sababu nyingine ya kuzima kabisa kuingia kwa nywila na kutegemea funguo.

Umeme nao una neno. Mpanda kwa miaka mingi iliwashwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na hata pale umeme unapokuwapo, mtandao huweza kukatika katikati ya kupakia ramani kubwa. SFTP huruhusu kuendelea pale ulipoishia badala ya kuanza upya, mradi programu ya mtumiaji iwezeshe hivyo. Kwa wanaotumia Windows zipo programu za bure kama WinSCP na FileZilla. La kuangalia ni kwamba programu hizi hujua njia zaidi ya moja. Mtumiaji achague SFTP, si FTP, hata kama zote zimo katika orodha moja.

Lakini sebule hii ijengwe nyumba ipi? Kwa ofisi yenye kumbukumbu nyeti, jibu la busara ni kwamba isijengwe kabisa ndani ya seva kuu. Kompyuta ya pili, hata ya zamani iliyowekewa mfumo wa Linux, hutosha kuwa seva ya wageni. Seva kuu ndiyo iende kuchukua na kupeleka mafaili huko kwa saa zilizopangwa. Seva ya wageni isiwe na njia wala ruhusa ya kuanzisha safari ya kuja ndani. Mafaili yanayoletwa yakaguliwe virusi kabla ya kuingizwa, na folda ya kuleta iwekwe kwenye sehemu ya diski iliyotengwa, ili mgeni mwenye picha za satelaiti asijaze diski na kusimamisha huduma nyingine.

Jambo la kufuta nalo lisisahauliwe, na ushahidi wake ni wa karibuni. Mwishoni mwa Mei 2023 kundi la wahalifu liitwalo Cl0p lilitumia kasoro katika MOVEit, programu ya kibiashara ya kubadilishana mafaili, na kuiba taarifa za taasisi zaidi ya 2,000 duniani. BBC na British Airways zilikuwa miongoni mwa walioathirika, kwa kupitia kampuni iliyokuwa ikishughulikia mishahara yao. Programu hiyo iliuzwa kwa sifa ya usalama. Lililowaponza wengi ni kwamba mafaili yaliyokwisha kupokelewa yalibaki pale pale, kama mizigo iliyosahauliwa stesheni. Faili lililofutwa baada ya kuchukuliwa haliibiwi.

Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 2013, wezi waliingia katika mtandao wa kampuni ya maduka ya Target ya Marekani na kuchukua taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40. Hawakuvunja mlango wa mbele. Walitumia nywila iliyoibwa kwa mkandarasi wa majokofu, aliyekuwa amepewa ruhusa ya kuingia kwa ajili ya shughuli zake za kawaida. Fundi wa majokofu hakuwa na hatia ya wizi. Waliokuwa na la kujibu ni walioruhusu njia yake iunganike na njia ya fedha.

Nchini, suala hili si la hiari tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inageuza kibao kwa mwenye mfumo. Inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na achukue hatua za kuzilinda. Taasisi za umma zina Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na miongozo ya mamlaka iliyoundwa nayo. Ofisi iliyogawa nywila ya msimamizi kwa wageni watatu itapata shida kueleza ilichukua hatua gani.

Kwa sababu hiyo hiyo kila mgeni awe na akaunti yake, kwa jina lake. Akaunti moja inayoitwa "wakaguzi" na kutumiwa na watu sita haina maana siku linapotokea tatizo, kwani kumbukumbu za seva zitasema tu kwamba "wakaguzi" walichukua faili saa 8:40 usiku. Seva iliyopangwa vizuri huandika nani aliingia, lini, alichukua nini na alileta nini, lakini kitabu hicho cha wageni hakina faida kama hakuna anayekisoma.

Akaunti iwe pia na tarehe ya kufa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika seva mgeni hapewi jembe, anaagwa. Linux humruhusu msimamizi kuandika tarehe ya mwisho siku ile ile anayoifungua akaunti, hivyo hakuna haja ya kutegemea kumbukumbu ya mtu ambaye huenda naye atakuwa amehamishiwa Inyonga au Sumbawanga.

Gharama ya yote haya ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. OpenSSH ni ya bure, Linux ni ya bure, na fundi anayelifahamu sharti la umiliki wa folda humaliza kazi kwa nusu siku. Kisha hubaki jaribio ambalo ni vyema alifanye mwenyewe kabla ya kumwita mkaguzi: aingie kwa akaunti ya mgeni na ajaribu kutoka sebuleni. Apande folda ya juu, aandike amri, afute faili la kuchukua, achimbe njia ya kwenda seva ya mishahara. Majaribio yote manne yakikataliwa, ndipo apige simu Dodoma na kuanza kusoma alama ya kidole.